Vitasa vya Umeme vya Gari la Zamani: Mjadala wa Kutengeneza, Kubadili au Kuzima

Kitasa cha umeme cha mlango wa gari ni kitasa cha kawaida kilichoongezewa mota ndogo, swichi na nyaya, ili milango yote ifungwe au ifunguliwe kwa mguso mmoja badala ya dereva kuzunguka mlango hadi mlango akibonyeza kwa kidole. Kampuni ya Packard ya Marekani ilivitia vitasa vya aina hii katika magari yake ya kifahari mwaka 1956, na kufikia miaka ya 1990 vilikuwa vimeenea katika magari madogo ya Japani, yale yale ambayo baada ya kutumika kwao hupakiwa melini, yakashushwa Mombasa na Dar es Salaam, kisha yakasambaa hadi Nairobi, Arusha na Kampala. Toyota Corolla ya kizazi cha nane, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1995, ni mfano mzuri wa gari la kundi hilo: injini yake bado inavuta na gia zake bado zinaingia, lakini mpira unaolinda nyaya za mlango umekauka, grisi ya kitasa imegeuka gundi, na mota iliyofunga na kufungua mlango kila siku kwa miaka yote hiyo imechoka.

Swali la mjadala huu ni dogo kwa sura, lakini linagusa usalama, mfuko na ufundi kwa pamoja: vitasa vya umeme vya gari la namna hiyo vikiharibika, je, vitengenezwe, vibadilishwe, au vizimwe kabisa? Sauti nne zinashiriki, nazo si za watu mahususi bali ni misimamo inayosikika katika gereji za Afrika Mashariki: mwenye gari, ambaye ni mama anayebeba watoto wa shule katika kiti cha nyuma, muuza vipuri, fundi wa umeme wa magari, na mwalimu wa chuo cha ufundi stadi. Mwenye gari ndiye anayeanza, kwa kuwa fedha ni zake.

MWENYE GARI: Kitasa cha umeme kikianza kusumbua, gharama yake haiishi mara moja, kwa maana fundi wa kwanza hulipwa kwa kukisia, kipuri hununuliwa kwa makisio hayo, na fundi wa pili hulipwa kwa kurekebisha palipoharibiwa na wa kwanza. Magari kama Peugeot 404 yalitumika Afrika Mashariki kwa miaka mingi bila mota milangoni, na walioyaendesha hawakupungukiwa na kitu. Kwa nini basi fyuzi ya vitasa isitolewe, milango ikafungwa kwa mkono, na fedha zilizookolewa zikaenda kwenye breki na matairi?

MWALIMU: Kuhusu breki na matairi, Mama, hakuna wa kubishana nawe. Tatizo liko katika dhana kwamba kuondoa fyuzi ni kuondoa mota. Fyuzi, yaani ule waya mwembamba uliowekwa ndani ya kigamba cha plastiki ili uyeyuke mkondo wa umeme unapozidi kiasi, hukata umeme tu. Mota yenyewe hubaki mlangoni, imeshikana na kitasa kwa gia na kijiti cha chuma. Katika mota nyingi za vitasa, gia ya kwanza imechongwa kama skrubu, nayo gia ya skrubu huizungusha gia kubwa ya plastiki kwa urahisi lakini hukataa kuzungushwa na gia hiyo kutoka upande wa pili. Watengenezaji huepuka balaa hilo kwa kuacha nafasi ya kuchezea au kwa kuweka klachi ndogo inayoiachia mota inapokuwa imetulia, ili mkono wa mtu usipambane na gia. Mota ikifia katikati ya mwendo wake, au klachi hiyo ikiganda kwa vumbi na grisi iliyokauka, kitufe cha kufungia mlango huwa kigumu kwa mtu mzima na huenda mtoto asikisogeze kabisa.

MWENYE GARI: Kwa hiyo gari ambalo fyuzi imetolewa linaweza kumfungia mtoto ndani?

MWALIMU: Linaweza, endapo mota ilikufa katika hali mbaya kabla fyuzi haijatolewa. Kuzima kwa kweli ni kuifungua paneli ya ndani ya mlango, kuitenganisha mota na kitasa kwa kuvua kijiti kinachoviunganisha au kuing'oa mota yenyewe, kisha kuthibitisha kwamba kila mlango unafunguka kwa ndani na kwa nje bila kutumia nguvu. Aliyekwisha kufika hapo amefanya zaidi ya nusu ya kazi ya kutengeneza.

Jibu hilo halimalizi hoja ya mwenye gari, bali linaibadilisha sura, na inafaa tofauti moja ielezwe kabla ya mjadala kuendelea, maana kuichanganya ndiko kunakozaa maamuzi mabaya. Mlango wa gari una sehemu mbili zinazokaa pamoja. Ya kwanza ni ulimi, yaani ndoano ya chuma inayouma nguzo ya bodi na kuushikilia mlango gari likiwa mwendoni au likigongwa. Nguvu ya ulimi na ya bawaba ndiyo inayosimamiwa na Kanuni namba 11 ya Umoja wa Mataifa kuhusu magari. Ya pili ni kitasa, ambacho hakiushikilii mlango hata kidogo, bali hukata mawasiliano kati ya kishikio na ulimi ili kishikio kikivutwa kisifanye kazi. Mota ya umeme huendesha hicho cha pili tu. Kwa sababu hiyo, mlango unaofunguka wenyewe barabarani hauna ugonjwa wa mota, na mlango usiofunguka hata kitasa kikiwa wazi huenda una ulimi mkavu au klipu ya plastiki iliyovunjika kwenye kijiti, jambo ambalo mota mpya haitalitibu hata ikiwa ya bei gani.

MUUZA VIPURI: Maelezo hayo ni mazuri, ila mteja anayesimama kaunta hahitaji somo, anahitaji mlango unaofunga. Vitasa vya mtumba, vilivyong'olewa katika magari yaliyokatwa huko Japani, vinapatikana Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam, katika maduka ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, na katika soko la Kisekka jijini Kampala. Zipo pia seti mpya kutoka China zenye mota nne, nyaya zake na rimoti, zinazowekwa katika gari lolote la volti 12. Fundi akikaa nusu siku akitafuta waya uliokatika, saa zake zinalipwa. Mota ikibadilishwa, kazi imekwisha na mteja amekwenda zake.

FUNDI: Kazi imekwisha, kaka, endapo mota ndiyo iliyokuwa mbovu. Milango inayorudi gereji mara ya pili ni ile iliyobadilishiwa mota ilhali ubovu ulikuwa katika waya, kwa kuwa mota ya zamani ilikuwa nzima na mpya imekuja kukuta njaa ile ile ya umeme. Mwalimu aeleze jinsi umeme unavyofika mlangoni, ndipo ionekane kwamba gari lenyewe husema ugonjwa uko wapi.

MWALIMU: Mota ya kitasa huendeshwa na nyaya mbili tu, na upande inaozungukia unategemea ni waya upi unaopewa chanya ya betri. Kazi ya kugeuza pande hizo hufanywa na rilei mbili, rilei ikiwa ni swichi inayovutwa na sumaku ya umeme badala ya kidole. Mambo yakiwa yametulia, rilei zote mbili huziunganisha nyaya za mota na bodi ya gari, ambayo ndiyo hasi. Dereva akibonyeza kufunga, rilei ya kwanza huupa waya wake volti 12 huku waya wa pili ukibaki kwenye bodi, na mota huzunguka upande mmoja. Akibonyeza kufungua, rilei ya pili hufanya vivyo hivyo kwa waya wa pili, na mota hurudi. Umeme hutumwa kwa muda mfupi sana, kwa kawaida chini ya sekunde moja, kisha hukatwa, na mota za milango yote huupokea kwa pamoja kutoka chanzo kimoja.

FUNDI: Basi na ionekane hesabu inavyojipanga. Milango yote ikifunga lakini ikakataa kufungua, haiwezekani mota nne zife upande mmoja kwa siku moja, hivyo anayetafutwa ni rilei moja au waya wake au swichi. Milango yote ikiwa kimya kabisa, huanzwa kwenye fyuzi, kisha swichi kuu ya dereva, kisha kisanduku cha rilei, ambacho katika magari mengi ya Toyota ya miaka hiyo kinakaa chini ya dashibodi. Mlango mmoja ukinyamaza na mingine ikiitika, ugonjwa uko ndani ya mlango huo au katika njia ya kuuingia. Vitasa vikifunga kisha vikajifungua hapo hapo, macho huelekezwa kwenye mlango wa dereva, kwa sababu mota yake mara nyingi ina nyaya tano badala ya mbili, tatu za ziada zikiwa za swichi ndogo inayotoa taarifa kama kitasa kimefungwa au kimefunguliwa, na swichi hiyo ikichakaa hutoa taarifa ya uongo. Hata kabla ya hapo, yafaa kuhakikisha kwamba ufunguo haumo kwenye swichi ya kuwashia mlango wa dereva ukiwa wazi, maana Toyota nyingi zimetengenezwa zikatae kufunga katika hali hiyo ili mtu asijifungie ufunguo ndani.

MWENYE GARI: Mlango wa nyuma wa kushoto wa gari hili hufunguka kwa nje tu. Huo nao ni ugonjwa wa mota?

FUNDI: Huo, Mama, huenda si ugonjwa. Mlango ukiwa wazi, pembeni mwake karibu na ulimi kuna kiwiko kidogo cha kuwazuia watoto, na kikiwa kimeshushwa kishikio cha ndani hakifanyi kazi hata kitasa kiwe wazi. Kikipandishwa na mlango ukafunguka kwa ndani, fedha hubaki mfukoni.

Katika hatua hii muuza vipuri anakubali kwamba kupima kutangulie, ila anauliza kupima huko kuanzie wapi, kwa kuwa kufungua kila kitu ni ghali kama kubadili kila kitu. Ni swali la haki, na jibu lake liko mahali ambapo mafundi wengi huchelewa kufika, yaani katika mpira wenye mikunjo unaopitisha nyaya kutoka nguzo ya bodi hadi mlangoni, karibu na bawaba.

FUNDI: Kila mlango unapofunguliwa, nyaya zilizo ndani ya mpira huo hunyooka, na unapofungwa hukunjika. Mlango wa dereva hufunguliwa kuliko mingine yote, ndiyo maana nyaya zake hukatika kwanza. Waya wa gari umefumwa kwa nyuzi nyingi nyembamba za shaba, na nyuzi hizo hukatika mmoja baada ya mwingine huku ganda la plastiki likibaki zima, hivyo aliyetazama kwa macho huona waya mzima. Dalili yake ni kitasa kinachofanya kazi mlango ukiwa wazi nusu na kikakataa ukiwa umefungwa, au dirisha la umeme na kitasa cha mlango ule ule kusumbua kwa pamoja. Mpira huo huchomolewa kwa vidole bila kufungua paneli yoyote, kisha kila waya huvutwa taratibu. Uliokatika hurefuka au huachia mkononi.

MUUZA VIPURI: Lakini mafundi wengi hupima kwa mita, mita ikaonyesha volti 12 na mteja akaambiwa waya ni mzima, mota ndiyo imekufa. Je, mita inadanganya?

MWALIMU: Mita haidanganyi, inajibu swali ambalo haikuulizwa vizuri. Mita ya kidijitali huvuta mkondo mdogo mno, kiasi kwamba waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba unaweza kuupitisha bila taabu na mita ikasoma volti 12 kamili. Mota ya kitasa inapoanza kuzunguka huvuta ampea kadhaa, ampea ikiwa kipimo cha wingi wa mkondo, na uzi mmoja hauwezi kubeba mzigo huo, hivyo volti huanguka wakati ule ule mota inapozihitaji. Dawa ni kupima chini ya mzigo: ama mita iachwe imeunganishwa huku mota nayo ikiwa imeunganishwa na mtu wa pili akibonyeza swichi, ama itumike taa ya kupimia yenye balbu ya nyuzi, yaani si ile ya LED, iwekwe mahali pa mota. Balbu ikiwaka kwa nguvu pande zote mbili za swichi, waya umefaulu na mota ndiyo ishitakiwe. Balbu ikififia, mota haina hatia.

Kipimo hicho cha balbu, ambacho gharama yake ni ya taa moja na vipande viwili vya waya, kinastahili kutangulia ununuzi wowote wa kipuri cha umeme wa gari. Pasipo hicho, mjadala wa kutengeneza au kubadili ni wa upofu, kwa kuwa pande zote mbili zinabishana juu ya sehemu ambayo huenda haijaharibika.

Waya uliokatika ukishapatikana, fundi na mwalimu, waliokuwa wakiafikiana, wanatofautiana.

FUNDI: Waya huungwa kwa lehemu, ule mchanganyiko wa risasi na bati unaoyeyushwa kwa pasi ya umeme, kisha hufungwa tepu. Lehemu ikishika vizuri, haina mpinzani.

MWALIMU: Haina mpinzani mahali pasipokunjika. Lehemu iliyoyeyuka hunyonywa ndani ya nyuzi za shaba na kuzifanya kijiti kigumu, na mwisho wa kijiti hicho, pale ugumu unapokutana na ulaini, ndipo kila mkunjo wa mlango unapokusanya mzigo wake. Kiungo kilichowekwa katikati ya mpira wa mlango kitakatika tena, si kwenye lehemu bali pembeni yake. Afadhali kipande kilichochoka kikatwe chote, kiwekwe waya mpya wenye nyuzi nyingi nyembamba na unene usiopungua ule wa zamani, na viungo viwili vya waya huo viangukie nje ya mpira, kimoja ndani ya nguzo na kingine ndani ya mlango. Nyaya zikiwa nyingi, viungo vyake visilingane mahali, visije vikatengeneza fundo lisilopita. Badala ya tepu, ambayo gundi yake huyeyuka kwa joto la jua na kuachia, kiungo kivikwe mrija wa plastiki unaosinyaa ukipashwa moto.

FUNDI: Hapo Mwalimu ana haki, na ni kazi ya ziada isiyozidi saa moja. Liongezwe moja kwa wakazi wa Pwani: Tanga, Mombasa na Unguja, hewa ya chumvi huiingia shaba na kuifanya iwe nyeusi au ya kijani ndani ya ganda lake. Waya wa namna hiyo usiungwe palipokatika tu, bali ukatwe nyuma mpaka ionekane shaba inayong'aa, maana lehemu haishiki juu ya kutu na kiungo cha kubana hakipitishi umeme vizuri juu yake.

Mota nayo inapothibitika kuwa mbovu, mgawanyiko wa maoni unakuwa mkali zaidi, kwa sababu hapa muuza vipuri yuko katika uwanja wake.

MUUZA VIPURI: Mota imekufa, balbu imethibitisha. Sasa si wakati wa kubadili?

FUNDI: Ni wakati wa kuuliza kilichokufa ni kipi. Kile kinachoitwa mota ya kitasa ni kisanduku cha plastiki chenye mota ndogo ya umeme, gia mbili au tatu na springi. Gia mara nyingi ni nzima. Kilichokwisha ni brashi za mota, yaani vipande vinavyogusa sehemu inayozunguka ili kuipa umeme, au masizi yake yameziba mgusano. Dalili yake ni kitasa kinachoitika asubuhi na kugoma mchana, au kinachotoa mlio dhaifu bila kumaliza mwendo. Mota ndogo ya ndani katika magari mengi ya Japani ni ya aina ya FC-280, ya kampuni ya Mabuchi, na inauzwa peke yake kwa bei ndogo kuliko kisanduku kizima. Kisanduku hufunguliwa kwa kufuata mshono wake kwa kisu, gia ya skrubu huvuliwa kwenye mhimili wa mota ya zamani na kupachikwa kwenye mpya, kisha kisanduku hubandikwa kwa gundi ngumu isiyopitisha maji.

MUUZA VIPURI: Na springi ikiruka, na mhimili wa mota mpya ukiwa mfupi kuliko wa zamani?

FUNDI: Hatari hizo ni za kweli. Mihimili hutofautiana kwa urefu na kwa umbo la ncha, kwa hiyo mota ya zamani ipelekwe dukani ilinganishwe, na kabla gia hazijaguswa ipigwe picha kwa simu. Asiye na mkono wa kazi hiyo asiianze.

MWALIMU: Kipuri cha mtumba nacho kisidharauliwe, ila ikumbukwe kwamba kimetoka katika gari la umri ule ule, hivyo mnunuzi hununua pia uchovu wake. Kijaribiwe dukani kwa betri ya volti 12 na nyaya mbili, kwa miguso mifupi ya kufunga na kufungua iliyorudiwa mara nyingi mfululizo, maana mota dhaifu hujionyesha ikipata joto. Vilevile, kitasa cha kulia hakiingii kushoto, wala cha mbele hakiingii nyuma, na aliyeondoka bila kulinganisha idadi ya nyaya za soketi atarudi.

Muuza vipuri anakubali masharti hayo, na ni sifa kwake kwamba anaongeza la kwake: duka linalokataa kipuri kijaribiwe kwa betri mbele ya mteja halistahili fedha zake.

Juu ya seti za jumla kutoka China makubaliano hayapatikani. Muuza vipuri anazitetea kwa kuwa zinamwezesha mwenye gari ambaye mfumo wake wa asili umekwisha kabisa, na kwa gari lililotoka kiwandani bila vitasa vya umeme ndizo njia iliyo wazi. Fundi anapinga kwa jinsi zinavyowekwa, si kwa jinsi zilivyo: mota ya seti hufungwa kwa skrubu kwenye bati la ndani la mlango na kuunganishwa na kijiti cha asili kwa kibanio, na ikifungwa kwa pembe isiyo sahihi huusukuma mwendo wa kitasa kando badala ya kuufuata, kitasa kikawa kizito hata kwa mkono. Ubaya mkubwa zaidi ni waya wa umeme wa seti kuchukuliwa moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi, ili kazi iishe haraka. Waya huo ukichubuliwa na ukingo wa bati na kugusa bodi, hakuna kitakachoukata umeme wa betri, na gari linaweza kuwaka moto likiwa limeegeshwa. Fyuzi ya kiasi kilichoandikwa katika maelekezo ya seti iwekwe karibu kabisa na betri, si mwishoni mwa waya. Katika jambo hili msimamo wa fundi una nguvu zaidi: Corolla yenye kisanduku cha rilei kizima na nyaya zinazotengenezeka haina sababu ya kuongezewa mfumo wa pili juu ya wa kwanza.

Yako magari ambayo mjadala huu wa mota hauyahusu. Mercedes-Benz za W123 na W124, ambazo bado zinaonekana, huendesha vitasa vyake kwa hewa inayovutwa au kusukumwa ndani ya mirija myembamba, na mlangoni hakuna mota bali kikombe chenye utando wa mpira. Humo anayetafutwa ni mrija uliopasuka au utando uliotoboka, na fundi anayeanza kupima volti mlangoni atachosha betri ya mita yake bure.

MWENYE GARI: Inasikika kana kwamba kila njia inapitia ndani ya mlango. Je, kufungua paneli hakuharibu zaidi?

MWALIMU: Huharibu inapofunguliwa kwa haraka. Kwa gari lenye mifuko ya hewa ya kinga, kioo hupandishwa juu kwanza, kisha waya wa hasi wa betri huondolewa na kusubiriwa. Miongozo ya ufundi ya Toyota hutaja sekunde 90. Kisha skrubu zilizofichwa nyuma ya kishikio na chini ya swichi hutafutwa, na klipu za plastiki huinuliwa moja moja kwa kifaa bapa badala ya paneli kuvutwa kwa nguvu. Nyuma ya paneli kuna karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi, na karatasi hiyo ndiyo inayodhulumiwa kuliko kitu kingine chochote katika gereji. Wengi huichana na kuitupa kwa kudhani ni ya kufungashia.

FUNDI: Kumbe ndiyo ngao. Maji ya mvua huingia ndani ya kila mlango kupitia ukingo wa kioo, hushuka hadi chini na kutoka kwa vitundu vilivyoachwa makusudi. Nailoni huyazuia yasiingie upande wa abiria na huzuia vumbi. Ikitupwa, vumbi la barabara za ndani, kama zile za Dodoma, hupata njia ya wazi ya kukifikia kitasa na kuishika grisi yake. Ikirudishwa ilivyokuwa, na vitundu vya chini vikazibuliwa kwa waya, kitasa kilichotengenezwa leo kina nafasi nzuri ya kudumu. Grisi nayo iwe nyepesi, ile nyeupe ya lithiamu, na ipakwe kidogo baada ya uchafu wa zamani kuoshwa. Grisi nzito ya beringi hukusanya vumbi, na mafuta ya kupuliza ya kulegezea kutu huosha hata grisi nzima iliyokuwepo, hivyo yakipulizwa peke yake mlango hulainika kwa muda tu.

MWENYE GARI: Basi fedha zilizopo zinatosha mlango mmoja mwezi huu. Uanze upi?

MUUZA VIPURI: Wa dereva, kwa kuwa ndio unaoamuru mingine.

FUNDI: La. Uanze ule ambao kitufe chake ni kigumu kwa mkono au haufunguki kwa ndani, hata kama ni wa nyuma na hata kama umeme wake unaitika. Mlango unaosumbua kwa umeme lakini unafunguka kwa mkono unaweza kusubiri mwezi ujao.

MWALIMU: Msimamo huo ndio sahihi, na Mama anaweza kuutekeleza jioni ya leo bila fundi, kwa kukaa ndani, kufunga milango yote, kisha kuufungua kila mmoja kwa kidole na kwa kishikio chake. Utakaokataa ndio wa kwanza, na baada yake ndipo uje wa dereva, kwa sababu iliyotajwa na muuzaji.

FUNDI: Na mlango huo ukishatengenezwa, usibamizwe ili kuujaribu. Ukiwa bado wazi na paneli haijarudishwa, ulimi usukumwe kwa bisibisi mpaka uume kama vile umekamata nguzo, kitasa kifungwe na kufunguliwa kwa swichi, kisha kwa mkono, halafu kishikio cha ndani na cha nje kivutwe kwa zamu ili kuona kama ulimi unaachia kila mara. Ukikataa, kijiti kiko mbele ya macho na kinasahihishwa papo hapo. Mlango uliofungwa huku ulimi umegoma hauna tena njia rahisi ya kuingia, kwa kuwa skrubu za kitasa ziko kwenye ukingo wa mlango, na ukingo huo umeshafichwa na nguzo.